Betri ya Serikali na Betri ya Matanga

Sikuwahi kuwa polisi. Nianze na hilo, kwa sababu hapa mtaani Migosi nyinyi vijana mmenipa cheo ambacho serikali haikunipa, na juzi mmoja wenu alinipigia saluti nikiwa nimebeba sukuma wiki. Mimi nilikuwa fundi wa redio. Polisi walishika wezi, mimi nilishika waya. Kwa miaka kama kumi na tano hivi, ile ya themanini na ile ya tisini, kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba kituo kidogo cha polisi kando ya ziwa kikiita Kisumu, Kisumu inasikia. Mkiniuliza kama ilikuwa kazi ngumu nitawaambia ndiyo. Mkiniuliza kama nilicheka, nitaomba kiti nikae kwanza.

Nyinyi mmekua simu ikiwa mfukoni, kwa hivyo lazima niwaeleze. Kituo cha ufuoni wakati ule kilikuwa na askari watano au sita, baiskeli moja, makoti ya mvua yasiyomtosha mtu yeyote, na kama kimebahatika, redio. Redio ilitumwa kutoka Nairobi ndani ya sanduku la mbao, ikiwa na namba iliyopakwa rangi nyeupe ili ijulikane ni mali ya serikali. Pamoja nayo ilikuja betri kubwa ya lori, kwa kuwa umeme haukufika huko. Sisi wa karakana ya Kisumu tulipakia vyote kwenye Landrova, tukavipeleka, tukavifunga, tukawafundisha askari, tukarudi nyumbani tukijua kwamba wiki ijayo tutaitwa tena.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Shabani, mzaliwa wa Kaloleni, mtu wa kanzu siku ya Ijumaa na ovaroli siku nyingine zote. Mimi niliajiriwa kuwa karani wa stoo. Siku moja aliniona nimefungua pasi ya ofisi iliyokufa na nimeifufua kwa kisu cha kukatia mkate, akaniuliza kama nilikuwa naogopa umeme. Nilimwambia ninaogopa mama yangu na radi tu. Akaenda kwa mkubwa wetu akaniomba kama mtu anayeomba kiti kisichotumika, na kuanzia wiki ile nikawa fundi mwanafunzi, mwanamke peke yangu katika karakana ya wanaume tisa.

Wiki ya pili niliharibu. Mzee alinituma kituo fulani kuongeza maji ya betri, akanipa chupa ya maji safi ya kazi hiyo. Nilipofika chupa ilikuwa imepasuka ndani ya mkoba, na sketi yangu imelowa. Nikatazama betri, nikatazama ziwa. Ziwa lilikuwa pale pale, hatua hamsini, maji yanang'aa asubuhi ile kana kwamba yananiita kwa jina. Basi nikateka kikombe, nikajaza, nikafunga vifuniko, nikarudi mjini nikijisifu. Baada ya siku chache betri ilikufa kabisa. Mzee Shabani akaifungua, akainusa, akanigeukia.

"Perpetua," akasema, "humu ndani umefuga samaki?"

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Alinitoa nje, akanionyesha mawingu yaliyokuwa yakijikusanya juu ya ziwa kama kawaida ya Kisumu mchana ukianza kuisha, akaniamuru nitafute karai safi. Akaliweka katikati ya uwanja, mbali na paa, kwa sababu maji ya mvua yanayopita kwenye mabati huchukua kutu na kinyesi cha ndege. Mvua ikaja, karai likajaa, akanionyesha: hayo ndiyo maji ya betri kwa fundi aliyepasua chupa. Shikeni hilo hata kama hamtawahi kugusa betri. Na kabla hujafungua chombo chochote kilichokufa, alisema, tazama maji kwanza.

Alinifundisha mengine pia. Ule unga mweupe unaoota kwenye vichwa vya betri huoshwa kwa maji ya moto na magadi, yale yale mnayotia kwenye mboga, na katika kila kituo niliingia jikoni kwanza kuomba magadi kabla ya kusalimia mkubwa. Ukiona mawingu meusi yanatoka upande wa ziwa, chomoa waya wa antena, usingoje mtu akuambie. Na usivae nguo yako nzuri kazini. Hili la mwisho sikulisikia. Siku moja nilisimama kanisani kuimba, na mama aliyekaa nyuma yangu akaninong'oneza kwamba gauni langu lilikuwa na matundu kumi na saba. Alikuwa ameyahesabu wakati wa mahubiri. Tindikali ya betri haina haraka, hukungojea mpaka Jumapili.

Sasa niwapeleke Nyaseme. Msitafute jina hilo kwenye ramani, nimelibuni, kwa kuwa watu wake wako hai na wana masikio marefu. Inatosha mjue kwamba ukitoka Kisumu ukafika Katito, ukakata kona ya kwenda Kendu Bay, halafu ukaiacha lami na kufuata vumbi hadi harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, ikupige usoni, umekaribia. Pale palikuwa na ufuo, soko dogo, kanisa, na kituo cha polisi cha vyumba viwili. Mkubwa wa kituo alikuwa Sajini Odhiambo, mtu mnene, mpole, asiyejua kumnyima mtu kitu.

Sajini huyu aliiheshimu redio kupita kiasi. Afisa kutoka Kisumu akizungumza hewani, Odhiambo alisimama wima, akavua kofia, akaibana kwapani. Nilimkuta hivyo siku moja akiripoti wezi wa nyavu. Afisa alipomuuliza wezi wameelekea wapi, Sajini alinyoosha mkono wote kuelekea dirishani, akasema, "Wameenda hapo, Afande."  Kisumu ikauliza tena, wapi. Sajini akanyoosha mkono zaidi, kidole kikatoka nje ya dirisha. Mimi nilikuwa chini ya meza nikikaza skrubu, na nilibaki huko huko mpaka nilipopata nguvu ya kusimama.

Mcheke, lakini redio ile ilikuwa na maana kubwa pale. Miaka hiyo kulikuwa na wezi wa injini za boti. Walikuja kwa maji, wakafungua injini, wakaondoka kwa maji. Kabla redio haijaletwa, askari alipanda baiskeli hadi Katito kutafuta simu, na alipofika akiwa hoi, wezi walikuwa wameshavuka upande wa Port Victoria na kunywa chai ya pili. Redio ilipoingia mambo yakabadilika. Injini ikiibwa ufuo huu, ufuo ule mwingine ulijua ndani ya dakika mbili.

Aliyenieleza hayo vizuri ni Mama Apiyo, mchuuzi wa samaki, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waliokuwa na boti moja na injini moja kati yao. Injini hiyo waliipata kwa kuchanga miaka minne. Kila nilipokwenda Nyaseme alinikalisha, akanipa samaki, kisha akaniuliza habari za redio kama anavyoulizwa mtu habari za mgonjwa. Na mwaka ninaotaka kuwasimulia, mgonjwa alikuwa na hali mbaya.

Ilikuwa hivi. Kila asubuhi saa tatu, Kisumu iliita vituo vyote kimoja kimoja, na kila kituo kikajibu. Nyaseme ilijibu vizuri Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Ijumaa, kimya. Jumamosi, kimya. Jumapili inafufuka, na Jumatatu Sajini yuko hewani na sauti safi kabisa. Ikaendelea hivyo miezi mitatu. Nilikwenda mara nne, siku zote katikati ya wiki kwa sababu ndipo gari lilipatikana, na kila mara nilikuta redio nzima. Nikabadilisha fyuzi. Nikabadilisha waya wa antena. Nikahamisha nguzo ya antena upande wa pili wa nyumba kwa dhana kwamba upepo wa Ijumaa una matatizo yake. Msinicheke, niliandika hayo kwenye ripoti, na Mzee Shabani akaitia sahihi kwa kuniamini.

Halafu ikaja barua kutoka makao makuu. Kituo kisichojibu mara kwa mara kitanyang'anywa redio, na redio itapelekwa mahali itakapotumiwa. Nyaseme ilikuwa ya kwanza kwenye orodha. Mkaguzi angekuja kutoka Nairobi, na kwa kuwa alikuwa na vituo vingi, siku ya Nyaseme ikaangukia Jumamosi.

Nilikwenda mapema wiki ile kuwaonya. Sajini alinisikiliza, akasema hakuna shida, Madam, Jumamosi atajitahidi. Sikulipenda hilo neno "atajitahidi," lakini nililiacha lipite. Mama Apiyo alikuwa ameshapata habari, maana ufuoni hakuna barua ya siri. Hakunipa samaki siku hiyo. Alinishika mkono.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "hiyo redio wakienda nayo, sisi bora tuuze injini yetu mapema. Mwizi atakuja tu kuchukua. Utafanya nini?"

Nilimwahidi kwamba redio haitaondoka. Nilirudi Kisumu nikijua kwamba nilikuwa nimeahidi kuponya ugonjwa nisioujua.

Jumamosi tukatoka Kisumu, mimi, dereva na Mkaguzi. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye miwani na jalada gumu la karatasi, si mtu mbaya, ila alikuwa na saa mkononi na aliitazama kila tulipopita daraja. Tulifika Nyaseme kama saa tano. Kituoni alikuwepo askari mmoja tu. Juu ya meza kulikuwa na redio, imefutwa vumbi, inang'aa. Waya mbili za betri zilining'inia hewani. Na chini ya meza, pale betri inapokaa, kulikuwa na alama ya mraba kwenye vumbi, safi, kila upande sawasawa.

Nilijua kila kitu hapo hapo. Kutoka ng'ambo ya shamba la mahindi ilisikika kwaya ikiimba kupitia spika, sauti nzito, nzuri, isiyokwaruza. Nikajikuta nafikiri kama fundi: hiyo betri ina nguvu kweli.

Sajini Odhiambo alikuja mbio akitokea huko huko, kofia mkononi.

"Madam, Afande, mnisamehe," akasema. "Betri imeenda matanga kidogo. Jioni inarudi."

Basi hiyo ndiyo siri ya miezi mitatu. Nyaseme watu walizikwa Ijumaa na Jumamosi, kama ilivyo kwetu, na mazishi bila spika, watu wa nyuma watalia kitu wasichokisikia? Betri nzuri ya kuendesha spika ilikuwa moja tu katika eneo lote, nayo ilikuwa na namba nyeupe ya serikali. Familia ya kwanza ilipoiomba, Sajini alishindwa kukataa. Ya pili ingesemaje? Na ukishazika wazee wa watu wanne kwa betri hiyo, wa tano utamwambia nini? Askari waliihesabu kuwa huduma ya kituo, kama vile kuandikisha mtu aliyepoteza kitambulisho.

Mkaguzi hakupandisha sauti. Alifungua jalada, akaandika mstari mmoja, akaniambia nifungue redio niipakie. Sajini akakaa kwenye benchi kama gunia lililowekwa chini. Mimi nikamwona Mama Apiyo akilini na mkono wake juu ya mkono wangu, na nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba haiwezekani.

Mkaguzi akauliza kwa nini. Nikamwambia fomu yake ina sehemu ya majaribio. Chombo kinachorudishwa lazima kijaribiwe mahali kilipo na fundi atie sahihi, na mimi siwezi kutia sahihi kwa chombo ambacho sijakijaribu. Hilo lilikuwa kweli. Nimezisoma fomu za serikali maisha yangu yote, na nawashauri nanyi mzisome, kuna siku mstari mmoja wa maandishi madogo utakusimamia kuliko ndugu. Akaisoma fomu. Akavua miwani, akaifuta, akasema basi betri iletwe.

Sajini akaenda kuiomba. Akarudi amejikunyata. Kaka wa marehemu alikuwa akizungumza, angefuata shemeji, kisha mchungaji, na familia ilisema betri itatoka jeneza likishashuka. Mkaguzi alisimama, akatazama upande wa mahindi, na nadhani alifikiria kwenda kuamuru. Lakini hakuna afisa aliyezaliwa awezaye kuingia katikati ya mazishi ya Wajaluo mia tatu akachomoa spika wakati kaka wa marehemu anaongea. Alikaa tena.

"Basi tupeleke redio kwa betri," nikasema.

Tukaenda kwa msafara. Sajini mbele, mimi nimekumbatia redio, dereva na bunda la waya, Mkaguzi nyuma na jalada lake. Watu wakatupisha wakidhani ni shada la maua la serikali. Nikapiga magoti nyuma ya meza ya kwaya, nikaibana redio kwenye vichwa vya betri bila kugusa waya za spika, redio na spika zikanyonya betri moja. Kwa antena nilifunga jiwe kwenye ncha ya waya nikalirusha kwenye mkaratusi. Mara ya kwanza likarudi likaniangukia karibu na mguu wa mchungaji. Mara ya pili likashika. Niliruka kidogo kwa furaha, na nikaona kwamba mama mmoja mzee alikuwa ananitazama badala ya kutazama jeneza.

Hapo nikafanya kosa la siku. Kaka wa marehemu alikuwa amemaliza, akaiweka maiki juu ya meza, ikiwa bado imewashwa. Mimi sikuiona. Nikaiwasha redio, nikaiweka mezani, spika yake ikitazamana na ile maiki. Nikabonyeza kitufe, nikahesabu moja kama nilivyofundishwa, ili neno la kwanza lisikatwe, nikaita Kisumu kwa sauti ya chini, ya mazishini.

Kisumu ikajibu kwa sauti ya kuamsha wilaya. Dada wa chumba cha mawasiliano alikuwa akiitafuta Nyaseme tangu asubuhi, na sauti yake ikapita kwenye maiki, ikatoka kwenye zile spika mbili za bati, ikaanguka juu ya waombolezaji wote.

"Nyaseme, Nyaseme, hapa Kisumu. Mmekuwa wapi nyinyi?"

Watu mia tatu wakageukia jeneza. Mama mzee aliyekuwa akinitazama alipiga ishara ya msalaba. Nilitaka kuizima, lakini dada hakutoa nafasi. Akasoma ujumbe wake moja kwa moja: alfajiri ile, ufuo wa jirani, imeibwa injini ya boti. Wezi ni wawili. Wamo kwenye mtumbwi wa kijani wenye mstari mweupe, wanaelekea upande wa Nyaseme. Wajulisheni askari wote mlio nao.

Askari wote wa Nyaseme walikuwa pale, pamoja na kila mtu mwingine wa Nyaseme. Na wale waliokaa upande wa juu, wanaoliona ziwa, waligeuza shingo pamoja. Mtumbwi wa kijani ulikuwa ufuoni, umevutwa vizuri mchangani, mstari wake mweupe ukiota jua.

 Na nyuma kabisa kwenye benchi la wageni, watu wawili waliacha kutafuna.

Vijana, sijawahi kuona akili nyingi na upumbavu mwingi vikikaa kwenye benchi moja namna ile. Walikuwa wametoka majini na njaa, wakaona moshi wa masufuria, wakafikiri vizuri kabisa: matangani mgeni haulizwi ametoka wapi, hupewa sahani. Wakaketi na huzuni usoni, wakapewa ugali na nyama. Mama Apiyo mwenyewe alikuwa amewaongeza nyama mara ya pili, kwa sababu walionekana wameguswa sana na msiba.

Ndiye aliyefika kwao wa kwanza. Askari walikuwa bado wanatafuta pa kupita, vijana wa ufuoni wamesimama pande zote, na wale wawili hawakuwa na pa kwenda. Mama Apiyo akasimama mbele yao, akanyoosha mikono.

"Sahani kwanza," akasema.

Wakamrudishia. Akazipanga moja juu ya nyingine, akasogea pembeni, ndipo Sajini Odhiambo akawakamata. Injini ilipatikana ndani ya mtumbwi, chini ya nyavu, na hakuna aliyepigwa hata kofi, kwa sababu mchungaji alikuwa ameshika maiki na aliwakumbusha watu kwamba marehemu bado anangoja. Tukamzika. Kwaya iliimba vizuri mno, na nguvu ya betri haikushuka.

Mkaguzi alikula. Alimaliza sahani, akaomba maji ya kunawa, akachukua jalada lake. Njiani kurudi tukafika Ahero. Pale akaniuliza kama wezi wale wangekamatwa endapo redio ingekuwa mezani kituoni, na askari mmoja akiisikiliza. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Akatikisa kichwa, akatazama dirishani, na nikaona mabega yake yakitetemeka. Alikuwa anacheka, na hakutaka nimwone.

Jumatatu nilimweleza Mzee Shabani. Alicheka hadi akavua kofia. Kisha akasema kitu kilichonichoma: "Ulikagua kila kitu, Perpetua, isipokuwa kalenda." Alisema kweli. Mara nne nilikwenda Nyaseme na bisibisi, na sikuwahi kumuuliza mtu yeyote Ijumaa huwa wanafanya nini. Tangu hapo, nikifika kituoni, baada ya magadi, nilikaa na kuuliza habari. Nani amekufa, nani ameoa, kanisa linajengwa lini. Nilijifunza kwa njia hiyo kwa nini redio ya kituo kimoja ilikufa kila msimu wa harusi, na baadaye, serikali ilipotuletea vioo vya kuchajia betri kwa jua, nilielewa mara moja kwa nini cha Nyaseme hakichaji. Ni kipana, ni cheusi, kinashika joto. Omena ilikauka juu yake kwa nusu siku, na ilikuwa tamu, nilionja kabla ya kuandika ripoti.

Barua ya Mkaguzi ilikuja baada ya wiki chache. Redio ya Nyaseme isiondolewe. Na chini yake, kwa lugha iliyonyooka kabisa ya ofisi, kituo kipewe betri mbili, ya pili ikiwa kwa ajili ya mahitaji ya raia. Nilizipeleka mwenyewe. Nikachukua rangi nyekundu, moja nikaiandika SERIKALI, nyingine nikaiandika MATANGA. Mama Apiyo alinipa samaki wawili, mmoja wa redio na mmoja wa ahadi. Kuanzia siku hiyo Nyaseme ilijibu kila asubuhi, Ijumaa na Jumamosi zikiwemo, na injini ya akina mama ilibaki mahali pake mpaka ilipozeeka yenyewe.

Miaka ya tisini ikielekea kwisha, serikali ilipunguza wafanyakazi, nami nikapunguzwa. Sitadanganya, niliumia. Nilijifungia ndani ya nyumba hii hii ya Migosi siku tatu. Ndipo majirani wakaamua kuniaga rasmi uani, wakaazima spika, kisha wakagundua kwamba siku hiyo umeme umekatika mtaa mzima. Saa nane lango likagongwa. Alikuwa Sajini Odhiambo, mstaafu tayari, mnene zaidi, na nyuma yake Mama Apiyo, amebeba kitu kizito kwenye kanga. Walikuwa wamesikia. Akafungua kanga, nikaona maandishi yangu mekundu, MATANGA, yamefifia kidogo.

Tukaifunga kwenye spika. Mzee Shabani akasimama na fimbo yake kutoa hotuba, akasema bismillahi, akasema jina langu, na spika ikazimika. Uwanja wote ukanigeukia mimi, mwenye sherehe, katika gauni langu jipya. Nikapiga magoti nikafungua vifuniko. Kukavu kabisa. Mama Apiyo akasema wameizikia watu wengi mwaka ule, hakuna aliyekumbuka kuinywesha.

Nilianza kucheka nikiwa pale chini, nikashindwa kunyamaza, na machozi yakaja pamoja. Mzee Shabani akatazama juu ya mapaa kuelekea ziwani. Mawingu yalikuwa yamefika.

"Leteni karai," akasema.

Tukaliweka katikati ya uwanja. Mvua ikaja kwa kishindo, wageni wote wakajibana chini ya mabati, na tukasimama hapo, watu wazima, tukiangalia karai likijaa. Ilipotulia nilijaza betri chumba kwa chumba, na gauni jipya likapata matundu yake. Tukaiacha ipumue, nikagusa waya, spika ikakohoa. Mzee Shabani akachukua maiki. Hotuba aliiacha.

"Nyaseme, Nyaseme, hapa Kisumu," akaita. "Mnanisikia?"

Sajini Odhiambo akasimama wima, akavua kofia, akaibana kwapani. Lakini aliyejibu ni Mama Apiyo, kutoka jikoni, bila maiki.

"Tunakusikia, Mzee. Chakula kiko tayari."